Kiapo cha Muuza Laptopu

Muuza laptopu wa Megenagna, mtaa wa Addis Ababa, hasifu mashine kabla hajapangusa kioo kwa mkono wa shati, na kidole gumba chake hakikosi kufunika kibandiko kinachotaja kadi ya picha, ile inayoendesha michoro ya gemu. "Prosesa ndiyo moyo, dada yangu," alimwambia Bethelhem, kwa sauti ya kubembeleza mtoto. "Kadi ni urembo tu. Gemu zote zitacheza. Mama yangu afe kama nadanganya." Addis nzima huapa hivyo, naye Bethelhem akanunua. Prosesa ilikuwa na mbio kweli, ila wachezaji wa gemu yake ya mpira walikwenda kama watu wenye mchanga viatuni.

Leo amerudi, laptopu kwapani, matusi mdomoni. Akamkuta muuzaji kanyoa kichwa, kavaa nyeusi tupu.

"Umefiwa na nani?"

"Mama."

Matusi yakamkauka Bethelhem, akatoa pole. Hapo akaingia mteja, akaulizia laptopu ya gemu. Mkono wa shati ukapita kiooni, kidole gumba kikarudi mahali pake.

"Prosesa ndiyo moyo, kaka. Baba yangu afe kama nadanganya."

Nyuma ya kaunta, mzee aliyevaa nyeusi vilevile akaweka chini kikombe chake cha kahawa, akamtazama mwanawe.