Maji ya Ndiga

Ulikuwa mwaka wa kula ndiga. Mtama ulikauka shambani, Bagamoyo nzima tukaingia porini kuchimba mizizi. Ndiga ni sumu. Unaikata vipande, unailoweka siku kadhaa, na maji unayabadilisha kila mara, ndipo uile. Ukiifanyia haraka inakuua.

Mimi na somo yangu tulikuwa vibarua kwa tajiri mmoja wa sandarusi, ile gundi ya miti inayochimbwa ardhini. Somo kweli, jina letu moja. Msimamizi akiita tunaitika wawili, wenzetu wanacheka. Tuliosha sandarusi kwa maji ya magadi na kuikwangua udongo, tangu asubuhi hadi magharibi, mpaka vidole vikachunika. Pale hapakuwa na mwenye mkono mwepesi kama wangu, na sijisifu bure.

Siku moja somo alimwendea msimamizi. "Bwana, niruhusu adhuhuri nikimbie nikabadilishe maji ya ndiga. Nyumbani yupo mtoto tu."

"Kwani maji yana miguu? Jioni utayakuta."

Binti yake alikuwa wa miaka minne. Mchana ule njaa ilimshinda, akala zile ndiga kabla hazijaiva kwa maji. Tulimzika kesho yake. Kesho kutwa yake, matanga hayajaondolewa, mama akaletewa habari: arudi kazini au asirudi kabisa.

Akarudi. Alikaa kwenye jamvi lake karibu na mlango, akajaza maji chunguni, akayamwaga. Akajaza, akayamwaga. Mchana kutwa hivyo.

Msimamizi alifurahi. "Mnamwona mwenzenu? Hana domo, na maji yake safi. Nyinyi kazi yenu porojo."

Nikainuka. "Bwana, huyo haoshi sandarusi. Anaosha ndiga. Mpe siku saba tukae naye, tumpigie ngoma, alie."

"Ana homa?"

"Hana."

"Basi ni mzima. Kaa chini."

Nikakaa. Hilo ndilo linalonila mpaka leo. Nilikaa, nikashika kisu, nikakwangua.

Siku ya tisa hakuja. Waliomwona walisema ameshika njia ya Fukayosi, chungu kichwani, kila hatua anamwaga maji kidogo. Tulimtafuta mpaka tukachoka. Kaburi lake silijui.

Asubuhi iliyofuata msimamizi akaita jina letu. Niliitika peke yangu, na hakuna aliyecheka.

"Hamia pale mlangoni, kuna mwanga. Jina ni lile lile, umeniondolea taabu ya kujifunza jingine."

"Mimi siye yeye, na hapo sikai."

"Bibi wewe, nyumbani mnakula nini?"

Ndiga, na watoto wangu wawili walikuwa wakizingoja. Nje ya mlango walisimama wanawake wanaotafuta kibarua, macho yao kwenye lile jamvi tupu. Nilijua nikitoka tu mmoja wao atakaa, wala hapana atakayekumbuka kilichotokea pale. Msimamizi akaniuliza tena, polepole, kama anayesema na kiziwi: ninakaa au sikai?

"Mimi siye yeye, na hapo sikai."