Miti ya Wasichana wa Uriri

"Nani amepanda mti nyumbani?"

Wavulana wa darasa la sita wanarusha mikono juu, wengine wanasimama kabisa. Wasichana wanatazama madawati. Mwalimu Priscilla Nyanchoka anauliza tena, polepole. Hakuna msichana anayeinua mkono.

Hii ni shule moja ya msingi huko Uriri, wilayani Migori, mwaka wa 1996. Kazi ya Nyanchoka ni kupima kama somo la mazingira, linalofundishwa na mradi unaogawa miche shuleni, limewaingia watoto. Mtihani wa kuandika aliuacha zamani.

"Mtihani wote wanapita!" anasema akicheka. "Mtoto anakuandikia mmomonyoko wa udongo bila kosa, na kwao udongo unabebwa na mvua kila siku. Mimi nataka kuona mti."

Lakini safari hii roho yake ilikuwa juu. Mkuu wake katika mradi, Bwana Mayaka, alikuwa amemwambia waziwazi: wasichana wasipopanda, miche yao itapelekwa kwingine. Na kule Homa Bay, karibu na Rangwe, wasichana walikuwa wamenyamaza vivyo hivyo.

"Niliumia. Nikajiuliza, kwani mradi umekuwa ukifundisha mawe?"

Jioni hiyo akamfuata msichana mmoja wa darasa lile la Uriri, Akeyo, hadi kwao. Nyuma ya jikoni alikuta miarobaini imesimama vizuri, imezungushiwa miba mbuzi wasiitafune.

"Hii ni ya nani?"

"Yangu, mwalimu," Akeyo akajibu.

"Na darasani ulinyamaza kwa nini?"

"Uliuliza nani amepanda. Alipanda baba. Mimi nilibeba kutoka shule, na maji ni mimi huleta mtoni."

Babake akaangua kicheko. "Yawa, mwalimu! Kwetu msichana hapandi mti kwa boma la babake. Kesho si ataolewa? Lakini huyu alinisumbua! Ati baba, shimo ni fupi. Ati baba, toa hiyo plastiki ya mche kwanza. Mimi nilishika jembe tu."

Nyanchoka akaketi palepale kwenye nyasi, akacheka mpaka machozi yakamtoka.

"Wanasema kuuliza si ujinga," anasema. "Lakini kuuliza vibaya kulitaka kuniua!"

Kesho yake akarudi darasani na kuuliza nani ana mti alioutoa shuleni, ambao yeye ndiye anautunza. Wasichana karibu wote wakainua mikono. Hakuamini maneno matupu. Alizunguka boma baada ya boma, akaiona miti yenyewe. Rangwe nako kukawa hivyo hivyo. Mayaka alipopelekwa kuona, alikubali miche ibaki.

"Usiku huo nililala kama mtoto mchanga," anasema Nyanchoka.

Sasa anapanga siku ya kugawa miche wazazi waitwe shuleni, waje na majembe, na wasichana wasimame pembeni wakielekeza.

"Wasichana wameshafaulu," anasema. "Mwaka ujao nitapima baba zao."