Asante Isiyoshuka Ngazi

Hana dirisha. Hana kofia yenye nembo wala kiti, na suruali isiyo na madoa ya grisi hajapata kuivaa kazini. Kubwa kuliko yote, hakuna anayemshukuru.

Ni asubuhi, na boti ndogo ya abiria inakaribia kisiwa cha pili. Chini ya sitaha, fundi wa mashine ametega sikio. Kengele ikilia mara moja, anasukuma boti mbele. Mara mbili, anairudisha nyuma. Anayeipiga, juu kwenye hewa safi, ni nahodha: mdogo wake wa tumbo moja.

Boti inagusa gati. "Asante, nahodha," wanasema abiria, mmoja baada ya mwingine.

"Wangesema 'asanteni' ningeridhika," anasema fundi. "Hiyo 'ni' ya mwisho ndiyo ingekuwa yangu."

Wivu wake haufichi. Mama mkata tiketi humtania kwamba mashine inachoma dizeli, yeye anachoma roho. Mwezi uliopita bahari ilichafuka, bomba la mafuta likapasuka, naye akalibana kwa mikono mpaka gatini. Abiria walimbeba nahodha juu juu. Kidole gumba cha fundi bado kina bendeji.

Sasa boti ya pili inatarajiwa, na nahodha wake anatafutwa. Fundi amefaulu mtihani wa leseni. Kilichobaki ni barua ya maombi yenye ushuhuda wa nahodha aliyefanya naye kazi, na maishani amefanya kazi na mmoja tu.

Wiki nzima alizunguka na barua mfukoni, sehemu ya ushuhuda ikiwa tupu. "Nimwombe yule? Nimemfuta makamasi mwenyewe!"

Leo, gatini, anaitoa bila kumtazama mdogo wake usoni. Nahodha anaegemea kibanda cha tiketi, anaandika.

"Naandika, kaka. Ila ukiondoka, kengele yangu ataisikia nani?"

Fundi anaipokea barua. Anasoma: *Anayewafikisha abiria ni yeye. Mimi naonyesha njia tu.* Anasoma tena, midomo ikicheza.

"Hata mwandiko ananishinda," ananung'unika.

Siku atakayoshika usukani, anasema, kila atakayemshukuru ataonyeshwa kwanza ngazi ya kushukia kwenye mashine.

Analamba bahasha, anaifunga, anaikandamiza kwa gumba lenye bendeji. Mama mkata tiketi anaitumbukiza katika mfuko wa posta na kumkabidhi tarishi, anayeondoka nao.

Fundi anawatazama wote wawili, nahodha na mama.

"Asanteni," anasema, kisha anashuka ngazi.