Ugali wa uwele wa Mama Kulwa na kisukari cha mama yangu

Wakuu, heshima kwenu wote. Ninachoandika kilitokea nyumbani kwetu Didia, mimi nikiwa nimetoka kumaliza la saba. Sijaongeza chumvi.

Baba alikuwa na wake wawili. Mama yangu, Mama Masanja, ndiye mkubwa. Mdogo ni Mama Kulwa, uzao wake wa kwanza ulikuwa mapacha. Kila mmoja na jiko lake, na hawakusemeshana zaidi ya salamu.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini mama akaanza kuumwa. Kiu isiyoisha, kukojoa kila mara, macho yanafifia, mwili unapukutika.

By the way, enzi hizo sukari ilikuwa ya foleni, lakini mjomba alikuwa mfanyabiashara Kahama, kwa hiyo kwa mama haikukosekana. Uji wa sembe, sukari ya kumwaga. Tulijiona tuna maisha.

Shangazi zangu wakaanza kunong'ona kwamba Mama Kulwa kamroga mwenzake. Mnaotoka kwetu mnajua neno hilo likishatoka linaishia wapi: kwenye mapanga. Mama Kulwa akawa anakwenda kisimani peke yake.

Baba hakuwasikiliza. Akampeleka mama hospitali, Shinyanga mjini. Majibu: kisukari. Akapewa vidonge, akaambiwa aache sukari, apunguze sembe, na kama nyumbani kuna nafaka isiyokobolewa ale hiyo, kwa kiasi.

Mwaka ule uwele ulikuwepo kwenye ghala moja tu, la Mama Kulwa. Sisi wa jiko kubwa tulikuwa tunauita chakula cha ndege.

Baba akaeleza nyumbani maneno ya daktari, na kesho yake Mama Kulwa akaja mwenyewe. Kabeba ugali mdogo wa uwele, umesagwa na pumba zake, na mlenda pembeni.

Mama akageukia ukutani. Aliogopa, na sote tulijua anaogopa nini.

Mama Kulwa akanawa, akakaa chini, akamega tonge la kwanza akala. Akamega la pili. Kisha akasema taratibu, "Mama Masanja, nitakuwa nakula na wewe sahani moja kila siku. Kama nimeweka kitu, tutakufa wote."

Mama akageuka, akaitazama sahani. Halafu akanyoosha mikono, nikammiminia maji akanawa.

Wakala pamoja siku ile, na zilizofuata.

Kule clinic vipimo vikaanza kushuka. Kiu ikapungua, mama akarudi kupalilia. Daktari alituonya: uwele nao ni wanga, ukijaza sahani sukari inapanda vilevile, na vidonge visiachwe. Hakuviacha.

Shangazi walipokuja kumwona wakaanza yale yale. Mama akawakatisha: "Huyu ndiye anayenilisha. Anayemsema vibaya asije kwangu."

Hawakurudia tena.

Mama aliishi miaka mingi, akapakata wajukuu. Sasa ni marehemu. Mama Kulwa yupo, ninaishi naye hapa Geita.

Nilichojifunza: mwenye sukari asidharau uwele, ulezi wala mtama, ila ale kidogo na dawa anywe. Na chakula kina mtu nyuma yake. Yule mama alikuwa na kila sababu ya kukaa kwake na ghala lake.

Wenye wagonjwa wa sukari, nyumbani mnakula nini? Andikeni hapa. Mama Kulwa macho yake hayasomi tena, nitamsomea comments zenu jioni.