Mabati ya Chumba cha Kujifungulia

Miaka ile ya vijiji vya ujamaa nilikuwa karani wa idara ya fedha katika kiwanda cha kuchambua pamba, Bunda. Watu husema idara ya fedha haina moyo. Moyo ulikuwapo, hata mhasibu mkuu alikuwa nao, ila haukuwa na madaraka ya kuidhinisha malipo. Jambo hilo linaniudhi hadi leo.

Msimu mmoja pamba ilikubali sana. Meneja akaja kwenye mkutano wa kijiji chetu, upande wa Bugwema, akasema kiwanda kinakula jasho la wakulima na hakiwezi kula bila kunawa. Kijiji kijenge kuta za chumba cha kujifungulia, kiwanda kitaleta mabati. Vigelegele vilipigwa mpaka mbwa wakabweka. Aliyepiga kwa nguvu kuliko wote ni shangazi yangu, dada yake baba, mkunga wa kijiji kizima. Alikuwa akizalisha jikoni kwake kwenye moshi, na masika ikiingia, maji yalipita chini ya mama mzazi. Alikitaka chumba kile kuliko alivyowahi kutaka kitu chake mwenyewe.

Nilipokwenda likizo, kuta za matofali mabichi zilikuwa zimefika usawa wa madirisha. Fundi alitaka kujua mapema: paa la nyasi au la bati? La nyasi lazima liinuke sana ili maji yateremke haraka, la bati linaweza kulala. Mimi nilijua mabati hayajanunuliwa. Nikamsihi shangazi wainue kuta za pembeni kama za nyasi, bati likija litakaa tu. Akanicheka.

"Umesoma mpaka umesahau kwenu," akasema. "Ng'ombe akishatajwaga mbele ya watu, amekwisha kuwa wako. Hata akilala zizini kwa mwenzako, ni wako."

Na kweli, kwetu mahari huenda hivyo. Ng'ombe akitajwa katika kikao, baba wa binti anaweza kumwacha kwa wakwe mwaka mzima. Kazi yake inabaki kuuliza tu: hajambo? Amezaa? Hakuna anayethubutu kukana ng'ombe aliyetajwa. Shangazi hakuona kwa nini bati liwe tofauti na ng'ombe. Kuta zikajengwa za kulaza paa, na nyasi zilizokuwa zimekatwa wakagawiana.

Kisha bei ya pamba ikaanguka, na dizeli ikapanda. Mhasibu mkuu akaamriwa kupunguza matumizi, na fungu la kwanza kufutwa likawa la huduma za jamii. Nikaingia ofisini kwake kabla sijapoteza ujasiri. Alikuwa mtu wa Musoma mjini, mzee wa kanisa, mwenye ng'ombe zake kijijini kama sisi sote. Nilimweleza habari za kuta na za shangazi, na alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akanipitisha katika hesabu yake: bila dizeli mashine haizunguki, bila mishahara wafanyakazi hawali, na wakulima wasipolipwa pamba yao, ni haohao wa kijiji changu watakaolala njaa.

"Niambie wewe, binti yangu, nipunguze wapi," akasema. "Mshahara wako nao umo humo."

Nikamwambia ahadi ni deni. Akajibu taratibu kwamba deni analolijua yeye ni lile lenye hati, na lile la kijijini lilisemwa kwa mdomo, ngoma zikipigwa. Hakusema kwa dharau. Kama angenidharau, ningepata angalau mtu wa kumchukia. Maji yalikuwa yamezidi unga, naye alikuwa ameshika mwiko tu.

Nikamtafuta meneja aliyeahidi, nikaambiwa amehamishwa mkoa. Mgeni aliyeshika nafasi yake alinisikiliza kwa adabu, akanielekeza nimwone mhasibu mkuu.

Basi nikapanda lori la pamba nikaenda kumwambia shangazi mwenyewe. Aliuliza mabati yako kwa nani sasa. Nikasema hayako kwa mtu, hayajanunuliwa, na msimu huu hayatanunuliwa. Alitikisa kichwa polepole, kama aliyeambiwa ng'ombe wake bado hajazaa, akaniwekea ugali.

Fundi alijaribu kuezeka nyasi juu ya zile kuta fupi. Masika ilipoingia, maji hayakuteremka. Yalituama juu ya paa, yakapenya ndani, nyasi zikaoza, na matofali yakaanza kulainika. Ukuta wa upande wa ziwa ukalala chini. Bahati nzuri hakukuwa na mtu ndani. Shangazi akarudi kuzalisha jikoni kwake.

Nilimkuta huko nilipokwenda tena. Mama mmoja alikuwa amejifungua asubuhi ile, na sakafu ilikuwa bado na matope. Nililia pale mlangoni, sikuweza kujizuia. Shangazi alinawa mikono, akanikalisha, akaanza salamu kwa utaratibu wake: kazi, wanangu, afya ya mume wangu.

"Na mabati yetu huko Bunda," akauliza, "hayajambo?"

Nilitafuta neno lingine, nikalikosa.

"Hayajambo, shangazi."