Fimbo Zilitimia

Wenzake walimwita Redio, naye hakuchukia, maana ni kweli akianza kuongea hana swichi ya kuzimia. Alikuwa mwongoza wageni katika hifadhi ya taifa ya msitu, kazi aliyoianza mwanawe wa kwanza akiwa bado mgongoni. Aliwavusha watu kwenye daraja la kamba wakapiga mayowe. Aliwaonyesha nyumba ya mawe ya mabwana misitu wa zamani, ambayo wapangaji wake siku hizi ni popo, na mti mkubwa wenye kovu la msumeno, uliowashinda wakataji wakaenda zao. Mwisho wa safari aliwaingiza pangoni.

Pango ndilo lililokuwa mtaji wake. Wakati wa vita vya zamani watu wa vijiji vya jirani walijificha humo, na waliowawinda walikuja mlangoni wakawaita kwa majina, kwa sauti tamu ya ndugu. "Aliyeitika hakurudi," Redio angesema, kisha angezima taa ghafla. Giza la mle ndani linakukalia usoni. Wageni walishikana mikono wakacheka kicheko cha woga, na taa ikiwaka tena wakampigia makofi.

Pale hawakuhesabu vichwa, kwa sababu vichwa vya watalii havitulii. Kila mgeni alipewa fimbo ya kutembelea langoni, na wakirudi fimbo zilitundikwa kwenye misumari ukutani. "Fimbo zikitimia, watu wametimia," alikuwa akisema Koplo, askari wa lango, na kwa miaka yote hiyo kanuni yake haikuwahi kumwaibisha mtu.

Aliyekuwa hajakanyaga huko ni mama mzazi wa Redio. Kila akialikwa alijibu, "Msitu nimeuona," akaendelea kufuma vitambaa vyake. Redio alidhani ni maringo ya uzee. Mama huyo alikuwa na mambo yake tangu zamani. Hakufungua mlango kwa kuitwa, hata uite mpaka koo likauke; ilibidi ugonge ukutani kwa kijiwe, mara mbili, unyamaze, kisha mara moja. Watoto wake walikua wakigonga hivyo, wakaona ni utani wa nyumbani kwao. Alilelewa na shangazi, na habari za kabla ya hapo hakuna aliyefunuliwa.

Siku hiyo alikubali kuja. Pengine alichoka kubembelezwa. Alipokea fimbo yake, akatembea nyuma kabisa ya kundi, kimya. Redio aliongea kwa madaha kuliko siku zote, kwani ni binti gani asiyetaka kusifiwa na mama yake? Pangoni alizima taa akaiacha imezimwa muda mrefu. Ili kunogesha, akaanza kuita majina ya kubuni gizani, kwa sauti tamu, jina baada ya jina.

Waliporudi langoni wingu lilikuwa limeshatanda na msitu umeanza kuwa mweusi. Koplo alitundika fimbo, akaridhika, akashika mnyororo wa lango.

"Mama kashaingia kwenye gari?" Redio akauliza.

"Mama yupi? Hapa hajapita mama yeyote."

"Acha masihara, Koplo."

"Sina masihara. Fimbo hizo hapo, zimetimia."

Mgeni mmoja mnene, ambaye magoti yalikuwa yakimsumbua tangu asubuhi, akageuka polepole. "Yule bibi alinipa fimbo yake kabla hatujaingia pangoni," alisema. "Aliniambia naihitaji kuliko yeye. Nimezirudisha zote mbili. Nilijua yuko mbele yetu."

Redio alinyakua tochi akakimbia, Koplo nyuma yake akihema. Njia aliyoipita maelfu ya mara, leo ilimkana. Kila gogo lilikuwa mtu aliyeanguka, kila jani lililotikisika lilikuwa chui. Kwenye daraja la kamba alimulika chini korongoni, akiogopa kuona na akiogopa kutoona. Maji tu.

Mlangoni mwa pango palikuwa na kandambili moja ya mama yake.

"Mama!" aliita. Pango likamrudishia sauti yake mwenyewe. "Mama, ni mimi!"

"Huko ndani kuna shimo," Koplo alinong'ona, kana kwamba Redio hajui, yeye aliyeifunga kamba ya kuzuia watu wasitumbukie. Redio akaita tena. Akaita hata kwa jina la kuzaliwa la mama yake, jina ambalo mtoto halitamki mbele ya mzazi. Akalainisha sauti, akabembeleza, na katikati ya kubembeleza akajisikia. Ilikuwa sauti ileile aliyoitumia mchana. Aliyeitika hakurudi.

"Nyamaza," alimwambia Koplo. "Zima tochi."

Walibaki gizani. Redio alipapasa chini akapata jiwe. Akagonga mwamba mara mbili. Akanyamaza. Akagonga mara moja.

Alisubiri mpaka akaanza kulia bila sauti. Ndipo mbali ndani, pembeni ya lile shimo, jiwe likajibu: mara mbili, kimya, mara moja.

Alitambaa gizani akifuata ile kamba, akamkuta kwa vidole kwenye ufa ambao mtu mzima hatarajiwi kuenea, magoti kidevuni, kiganja kimeziba mdomo wake mwenyewe.

"Wameondoka?" mama yake aliuliza, kwa sauti ya mtoto mdogo.

"Wameondoka, mama."

"Na yule mwanamke aliyekuwa akiita majina?"

Redio alipapasa gizani mpaka akaupata mkono wa mama yake.

"Yule hataita tena," alisema.