Vifaranga vya Samoni Mbele ya Mapanga ya Mtambo

Niliondoka Thamesmead kwenda Uskoti kwa nia moja tu: kumrudisha binti yangu nyumbani. Salha alikuwa akifanya kazi kwenye bwawa la umeme huko kaskazini tangu alipomaliza chuo, na kazi yake ilikuwa kuvusha samaki. Mimi na baba yake, Khamis, tulizoea kuwaambia watu hivyo hivyo, "anavusha samaki," wakacheka, nasi tukacheka nao. Lakini mwezi wa Aprili, katika mazungumzo ya simu, likamponyoka neno kwamba aliteleza akaingia majini na mwenzake akamdaka kwa koti. Alilisema kama mtu anayeeleza kwamba alikosa basi. Tangu siku ile Khamis hakulala vizuri. Ikatokea kwamba kuna nafasi ya kazi katika maabara moja Lewisham, na mpwa wangu aliyeko pale akasema Salha ana sifa zote.

"Nenda wewe," Khamis akaniambia. "Nikenda mimi tutagombana."

Alfajiri ya Jumatatu alinisindikiza mpaka kituo cha Abbey Wood, begi langu mkononi mwake. Ndani mlikuwa na mkate wa kumimina, sambusa na chupa ya achari ya ndimu. Sikutaka kufika mikono mitupu, na tena maneno magumu hupita vizuri mtu akiwa anakula. Mimi nimezaliwa Wete, nikaletwa London nikiwa mdogo, miaka michache baada ya Mapinduzi, na tangu hapo sikuwahi kufika kaskazini kupita Birmingham. Nilipobadilisha treni pale King's Cross nilimuuliza mfanyakazi mara mbili kama kweli hii ndiyo yenyewe.

Njiani nilikuwa nikipanga maneno. "Salha, baba yako hali yake si nzuri." Nikaliacha, lisingekuwa kweli. "Salha, wewe ni mtoto wetu wa pekee." Hilo analijua. Baada ya York mvua ikaanza kupiga dirisha, na kadiri tulivyozidi kupanda juu ndivyo ilivyozidi. Mito yote tuliyoivuka ilikuwa imejaa, maji rangi ya chai ya maziwa.

Jioni nilishuka kwenye kituo kidogo kilichozungukwa na milima. Salha alikuwa akinisubiri kwenye gari la kazi, amevaa buti za mpira. Alinikumbatia kwa nguvu, lakini jicho lake lilikuwa juu ya bega langu, linaangalia mawingu.

"Mama, umekuja na mvua," alisema.

Majibu yake mengi huwa ya Kiingereza, kama watoto wengi waliozaliwa London, nami humsemesha Kiswahili. Hapa ninayaandika yote kwa lugha moja.

Tukiwa njiani alinieleza. Samoni huzaliwa kwenye changarawe juu kabisa ya mto. Huishi huko miaka miwili, pengine mitatu, wadogo, wenye madoa. Kisha ukifika majira ya kuchipua miili yao inabadilika, wanageuka rangi ya fedha, na wanaanza kuteremka kwenda baharini. Zamani mto wenyewe uliwachukua. Siku hizi unafika kwenye ziwa lililotengenezwa na ukuta, maji yanasimama, na wao hawajui tena upande wa kwenda.

"Wanazunguka," alisema Salha. "Wengine siku nyingi. Humo ndani kuna samaki wakubwa wenye meno, kama mzia wa kwenu, wanawangoja. Wakipona hapo wanafika ukutani. Ukutani kuna milango miwili: mmoja unakwenda kwenye mtambo, mmoja tumewatengenezea sisi, mfereji wa pembeni unaowapeleka chini salama. Mbele ya mtambo tumeweka wavu wa vyuma ili wasiingie."

"Basi si wanapita kwenye mfereji?"

"Wakiuona. Na wavu ukiwa mzima."

Nilimuuliza mtambo unawafanya nini. Akaniambia nifikirie panga boi la dari, lakini la chuma, kubwa kuliko chumba, limelazwa ndani ya maji. Maneno yangu ya Lewisham nikayaweka mpaka kesho.

Jumanne mchana alinichukua bwawani. Mwenzake, yule aliyemdaka kwa koti, alikuwa mgonjwa nyumbani, kwa hiyo siku ile kazi ilikuwa ya watu wawili: Salha, na Ewan, bwana wa makamo anayeangalia mtambo. Ewan alinipa kofia ngumu na jaketi la kuokolea, akanionyesha mstari wa njano uliochorwa sakafuni juu ya ukuta. "Nyuma ya huu, tafadhali," alisema. Upande mmoja ziwa lilikuwa limejaa karibu na ukingo, limebeba majani na matawi. Upande wa pili, chini sana, maji yaliyotoka kwenye mtambo yalikuwa yakichemka. Sakafu ilitetemeka mpaka magotini mwangu.

Kwa kawaida vifaranga hushuka gizani, Salha alisema, lakini mafuriko yakija na maji yakichafuka hawangoji giza. Aliniita mahali palipokuwa na uwazi nikachungulia. Kwanza sikuona kitu. Kisha nikawaona, kundi zima, kila mmoja hazidi kiganja changu kwa urefu. Walikuwa wameelekea nyuma, vichwa kule walikotoka, mkia mbele.

"Wanakwenda kinyumenyume?"

"Wakihisi maji yanavuta kuliko kawaida hugeuka. Wanapambana nayo mpaka wachoke."

Alasiri Salha alikwenda kuukagua mfereji, nami nikamfuata. Chini ya mfereji kuna sanduku ambalo vifaranga hulipitia ili yeye awaone; lilikuwa tupu. Maji yenyewe yalikuwa yanachuruzika tu. Alisimama akilitazama. Kisha akageuka akaangalia mbali kidogo, pale maji ya mtambo yanapotokea. Shakwe, wale ndege weupe wa baharini, walikuwa wamejaa. Wanashuka, wanachota samaki, wanapanda.

"La," alisema polepole. Akakimbia ngazi zote mpaka juu, mimi nyuma yake napumua kwa shida.

Juu tulimkuta Ewan naye ameshaona. Mti mzima, na mizizi yake, ulikuwa umeletwa na mafuriko ukagonga ukuta. Shina lilikuwa limelala juu ya mdomo wa mfereji, likauziba, na tawi moja nene lilikuwa limeusukuma wavu wa vyuma ukaachia pembeni. Njia ya salama imefungwa, njia ya mtambo imefunguka. Na kundi nililoliona mchana halikuwepo tena pale.

Mtambo ule unaongozwa kwa kompyuta kutoka mjini, na watu wa huko huangalia mabwawa kadhaa kwa pamoja. Salha aliwapigia simu akiwa amesimama mvuani.

"Nataka mtambo uzimwe sasa hivi. Wavu umefunguka."

Sikusikia jibu, ila niliona shingo yake ikikakamaa.

"Najua ni jioni. Najua watu wanarudi majumbani na wanataka umeme. Kila mnapofikiria, samaki wanapita."

Jibu likaja tena, refu. Ewan akanyoosha mkono akaichukua simu, taratibu, kama mtu anayempokea mwenzake mzigo. "Mimi ndiye niliyesimama hapa," alisema. "Nauzima. Mkitaka maelezo nitawapa kesho." Akaingia ndani ya chumba cha mitambo. Punde sakafu ikaacha kutetemeka, na kimya kilichofuata kilinitisha zaidi kuliko ule mngurumo. Akafungua mlango wa kumwagia maji, mto ukaanza kuporomoka juu ya ukuta, mweupe.

Nilidhani yamekwisha. Nikamwona Salha anavaa mkanda wa kamba.

"Unakwenda wapi?"

"Chini, Mama. Lazima shina lifungwe mnyororo ndipo winchi ilivute."

"Si mngoje mtu mwingine aje?"

"Mtambo ukikaa umezimwa muda mrefu watauwasha, na mfereji bado umeziba." Akanitia mkononi redio ndogo. "Ewan atashika kamba kwa mikono yote miwili. Wewe shika hii. Wakisema neno lolote la kuwasha, mwambie Ewan."

Nilitaka kumshika mkono. Nilitaka kumwambia kwamba nimetumwa na baba yake kuja kumtoa hapa hapa. Lakini alishageuka, mguu wake uko kwenye ngazi ya chuma, na mtu aliyeko kwenye ngazi hasemeshwi maneno ya kumtia wasiwasi. Nikasoma dua nilizozijua.

Alishuka mpaka maji yakamfika mapajani. Kutoka pale nyuma ya mstari niliona kofia yake tu, ya rangi ya chungwa, na mnyororo ukigonga chuma. Mara ikapotea nyuma ya mizizi. Ewan alikuwa ameegemea nyuma, miguu imejipanua, kamba imepita kiunoni mwake. Mvua ilikuwa ikimwingia machoni asiweze kujipangusa.

Redio ikakohoa. "Ewan, ziwa linapanda kuliko unavyomwaga. Tunataka kuuwasha tena. Uko tayari?"

Nikamwambia Ewan. Hakugeuka. "Mwambie bado."

Mimi Kiingereza changu ni cha kuombea ruhusa kazini na kulalamikia kaunsili kuhusu lifti iliyoharibika. Cha kuzuia mtambo sijawahi kukitumia. Nikabonyeza kitufe. "Bado," nikasema.

Sauti ya redioni ikauliza: "Nani anazungumza?"

"Mama yake Salha."

"Nani?"

"Binti yangu yuko chini, ndani ya maji. Msiwashe."

Kofia ilikuwa bado haionekani. Kamba ilikaza, ikalegea, ikakaza tena. Niliona kama ulimwengu mzima umebaki kile kitufe chini ya kidole changu. Nikakibonyeza tena nikarudia, safari hii kwa sauti ambayo sikujua ninayo: "Kuna mtu majini. Msiguse kitu."

"Tumekusikia, bibi," ile sauti ikasema, nayo sasa ilikuwa ya kijana mwenye hofu. "Hatuwashi mpaka utuambie wewe."

Kofia ikatokea. Mkono wake ukapanda juu, kidole gumba kimesimama. Ewan akamvuta taratibu, ngazi kwa ngazi, na alipoweka goti sakafuni nilivuka mstari wa njano nikamshika, maji yake yakaniingia mpaka kifuani. Baadaye Ewan aliniambia kwamba mtambo usingeweza kuwaka, alikuwa ameutia kufuli na ufunguo uko mfukoni mwake. Hakukuwa na aliyeniambia mapema. Sijui kama ningemwamini.

Winchi ilinguruma, shina likanyanyuka likimwaga matope, na mfereji ukameza maji kwa kishindo. Tuliteremka tena kwenye sanduku. Kwanza yalikuja majani. Kisha kifaranga mmoja akapita, mkia mbele, kama mng'aro wa kisu. Kisha watatu, kisha sikuweza kuwafuata tena kwa macho. Salha alimzuia mmoja kiganjani ndani ya maji, akanionyesha, akamwachia. Magamba mawili matatu yakabaki kwenye ngozi yake.

Wengine tuliwakuta chini, pembeni mwa mto, Salha akiwaokota kwenye ndoo. "Hawa wamekatwa," alisema. "Hawa wamevunjika mgongo. Huyu hana jeraha, lakini angalia macho, yametoka. Maji yanamkandamiza, halafu yanamwachia ghafla." Alikuwa anazungumza kwa sauti ya kazi. Kisha akakaa juu ya jiwe, akafunika uso. Nikakaa naye, shakwe wakipiga kelele juu yetu, mpaka aliposema yuko tayari kwenda nyumbani.

Jumatano asubuhi tulikula sambusa baridi na chai, na nikamwambia yote: Lewisham, baba yake, usingizi.

"Jana uliogopa?" nikamuuliza.

"Sana. Huogopa kila mara. Siku nisipoogopa ndiyo uje unichukue."

"Na hao unaowavusha, wanarudi?"

"Wachache. Chini ya hapa kuna bwawa jingine, halafu bahari. Wanaorudi wanakuja wakubwa, na wa jana siwezi kumjua hata nikimwona."

"Kwa hiyo hujui."

"Sijui, Mama. Ninachojua ni kwamba jana hapa walipita."

Nilimwambia sitamlazimisha, lakini nina sharti: asishuke tena majini bila watu wawili kushika kamba. Akasema Ewan ameshamwambia hivyo hivyo, na kwa hasira. Mafundi walikuwa njiani kuja kubadilisha wavu, na mtambo ungebaki umezimwa mpaka wamalize.

Alhamisi nilirudi London, mchana kutwa kwenye treni, nguo zikiwa bado na harufu ya mto. Mvua ilikuwa imekatika. Kila tulipovuka daraja nilijikuta nainuka kidogo kitini kutazama maji, jambo ambalo sikulifanya wakati wa kwenda. Nilikuwa nimekwenda huko nikidhani mwanangu amejitia katika hatari kwa ajili ya visamaki. Niliyemkuta ni mtu mwenye kazi ambayo hataona mwisho wake, anaifanya kwa uangalifu na kwa hofu, na kuna watu wazima wanaoshika kamba yake. Hofu yangu sikuiacha kule. Nimerudi nayo, ila sasa najua sura ya kitu ninachokiogopa, na nimegundua kwamba hivyo inabebeka.

Khamis alikuwa Abbey Wood, amesimama nje ya mashine za tiketi. Alitazama nyuma yangu kwanza, kisha akachukua begi.

"Hakuja."

"Hakuja. Yuko kazini."

Tulitembea mpaka kituo cha basi. Nilimsimulia yote, hata redio, na nilipofika mahali pa kofia kupotea alisimama kabisa. Nikamwambia sharti nililompa, kwamba asishuke tena bila watu wawili kushika kamba, na kwamba amekubali.

Alifikiri mpaka basi likafika. Aliponipisha nipande mbele alisema, "Ungemwambia watatu."